Je, Wajua? Ozoni Inayoinyima Miti Chakula

Je, wajua kwamba gesi inayotukinga na mionzi mikali ya jua ikiwa juu angani ni sumu kwa jani la mti ikiwa huku chini? Jina lake ni ozoni. Molekuli yake ni ileile juu na chini: atomu tatu za oksijeni zilizoshikana. Kinachobadilika ni mahali ilipo. Takriban asilimia 90 ya ozoni yote ya dunia iko kwenye stratosfera, nyingi yake kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, na kazi yake huko tunaijua na tunaishukuru. Inayobaki imo katika hewa hii tunayovuta sisi, mifugo yetu na miti yetu. Safu ya leo inahusu hiyo inayobaki, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa kidogo na ndiyo tunayoiongeza kwa mikono yetu wenyewe.

Je, wajua kwamba hakuna ekzosi ya gari wala dohani ya kiwanda inayomwaga ozoni hewani? Ozoni ya chini huzaliwa humohumo hewani. Vinatakiwa vitu vitatu: oksidi za nitrojeni, ambazo hutoka kwenye injini, mitambo ya umeme ya makaa na moto wa nyika, mvuke wa haidrokaboni, mfano ule unaounusa ukisimama kituo cha mafuta, na jua kali. Vikikutana, ozoni hujitengeneza. Ndiyo maana hupanda kuanzia saa sita mchana hadi alasiri, siku za joto zisizo na upepo, na hushuka usiku.

Je, wajua kwamba saa hizo ndizo jani nalo liko kazini? Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Je, wajua jani hulaje? Geuza jani la mti wowote, utazame upande wa chini. Kwa macho matupu huoni kitu, lakini kwa darubini utakuta matundu madogo sana yaitwayo stomata, mamia kwa kila milimita moja ya mraba. Kila tundu limezungukwa na seli mbili zinazovimba na kusinyaa ili kulifungua na kulifunga. Hewa ukaa huingilia hapo, na mvuke wa maji hutokea hapohapo. Ndani, klorofili hunasa mwanga, na kimeng'enya kiitwacho rubisko huikamata hewa ukaa na kuanza kuigeuza sukari. Kazi hiyo yote ndiyo usanisinuru, na kila punje ya mchele, kila ubao na kila gunia la mkaa limetokana nayo. Ozoni huingia kwa njia hiyohiyo. Stomata hazina uwezo wa kukaribisha gesi moja na kuikataa nyingine.

Je, wajua ozoni ikishaingia hukaa muda gani ndani ya jani? Haikai. Mwaka 1989 Agu Laisk na wenzake wa Estonia walionyesha kwamba kiasi cha ozoni katika nafasi za hewa zilizomo ndani ya jani kinakaribia sifuri. Si kwamba haikuingia. Ni kwamba inapogusa tu unyevu unaozifunika seli, hujibu papo hapo na kuzaa vitu vingine vikali, ikiwemo peroksidi ya haidrojeni. Madhara yote yanayofuata ni kazi ya watoto hao wa ozoni, na mama yao hayupo tena kupimwa.

Je, wajua kwamba kinga ya kwanza ya jani ni vitamini C? Ni ileile ya machungwa na mapera. Imo katika majimaji yaliyo nje ya seli, na hujitoa kupambana na ozoni kabla haijaufikia utando wa seli. Ozoni ikizidi, vitamini hiyo huisha haraka kuliko inavyotengenezwa, na utando huanza kushambuliwa.

Je, wajua kwamba kujikinga kunagharimu? Kutengeneza vitamini, kukarabati utando, kubadilisha protini zilizoharibika, vyote vinahitaji sukari, na sukari hiyo ni ileile ambayo ingekwenda kwenye shina, mbegu na mizizi. Mti ulio kwenye ozoni unafanana na kaya inayouza mbegu za msimu ujao ili inunue dawa: leo unapona, lakini umeila kesho. Mara nyingi mizizi ndiyo inayopunjwa mapema, na mizizi haionekani, kwa hiyo mtu anautazama mti na kuuona mzima.

Je, wajua kwamba ozoni huzeesha majani? Rubisko hupungua, klorofili hupungua, na jani ambalo lingefanya kazi msimu mzima hugeuka njano na kudondoka kabla ya wakati.

Na hasara hiyo imepimwa. Mwaka 2007 Victoria Wittig, Elizabeth Ainsworth na Stephen Long, wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walikusanya majaribio mengi ya miti yaliyokwisha kuchapishwa na kuyapiga hesabu pamoja. Jibu lao: ozoni iliyopo sasa, ukilinganisha na ile ya kabla ya mapinduzi ya viwanda, imepunguza usanisinuru wa miti kwa asilimia 11, na upitishaji wa hewa kwenye stomata kwa asilimia 13. Miaka miwili baadaye wakaongeza kwamba uzito wa miti umepungua kwa asilimia 7 hivi. Miti ya majani mapana iliumia kuliko misonobari na jamaa zake. Asilimia 11 inaweza kusikika ndogo. Lakini hiyo si ya mti mmoja mgonjwa. Ni makadirio kwa miti ya aina nyingi ya kanda za baridi za kaskazini, ambayo mingi ukiiona utaapa kwamba haina shida.

Je, wajua kwamba aliyefichua chanzo cha ozoni ya Los Angeles alikuwa akichunguza harufu ya mananasi? Ni mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, aliyefundisha chuo cha Caltech mjini Pasadena. Tangu katikati ya miaka ya 1940 wakulima wa mboga wa eneo hilo walikuwa wakilalamika kwamba spinachi na saladi zinatoka mabaka yasiyo ya ugonjwa wowote unaojulikana. Watu nao macho yaliwawasha mchana. Haagen-Smit akatumia ujuzi wake wa kunasa harufu hewani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba moshi wa magari na mvuke wa petroli, vikipigwa na jua, huzaa ozoni. Wenye viwanda vya mafuta walimpinga sana. Historia ilisimama upande wake: mwaka 1968 akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya hewa safi ya jimbo la California.

Je, wajua kwamba kipimo kimojawapo cha ozoni enzi hizo kilikuwa mpira? Kipande cha mpira uliokunjwa kikiachwa nje hupasuka nyufa, na kadiri ozoni inavyokuwa nyingi ndivyo nyufa zinavyowahi.

Je, wajua kisa cha "ugonjwa X"? Mashariki ya Los Angeles, umbali wa kiasi cha kilomita 100, inainuka milima ya San Bernardino. Miaka ya 1950 maofisa misitu waliona misonobari mikubwa aina ya Pinus ponderosa inaanza kuwa na madoa ya manjano kwenye sindano zake. Madoa hayakuwa na kingo; yalififia polepole kuingia kwenye kijani. Sindano ambazo kwa kawaida hudumu miaka kadhaa zikawa zinadondoka baada ya mwaka mmoja au miwili, hata tawi likabaki na kishungi tu cha sindano changa nchani. Matawi ya chini yakafa kwanza. Hapakuwa na kuvu, hapakuwa na virusi, udongo ulikuwa mzuri. Kwa kukosa jina, wakauita ugonjwa X.

Mwaka 1963 Paul Miller na wenzake wakachapisha jibu. Waliiweka misonobari ya aina hiyo katika ozoni kwa makusudi, na dalili zikatokea zilezile. Upepo wa baharini wa mchana ulikuwa ukiusukuma moshi wa jiji kuelekea bara, jua likiupika njiani, na ulipofika milimani ulikuwa umekwisha kuwa ozoni. Miti iliyodhoofika haikuwa na utomvu wa kutosha kujitetea, wakaja wadudu wanaochimba magome wakaimaliza. Ukiusoma mwisho wa mti kama huo kwenye daftari la msitu, umeandikwa kwamba umeuawa na wadudu. Nadhani hapa ndipo uchafuzi huu unapotuzidi akili: haujulikani kwa kuua, kwa sababu mara zote kuna mwingine anayemalizia.

Je, wajua kwamba mti unaweza kustawi zaidi katikati ya jiji kuliko shambani? Hii ndiyo niipendayo kuliko zote katika safu hii. Jillian Gregg na wenzake wawili walichukua miche ya Populus deltoides, mpopla wa Marekani, yote ikiwa imetokana na vipandikizi vya mti mmoja, kwa hiyo damu ni moja. Mingine wakaipanda ndani ya New York, mingine vijijini, Long Island na bonde la mto Hudson. Wakadhibiti udongo, maji na mbolea. Kila mtu angetarajia miche ya mjini idumae. Ikawa kinyume: ilikua maradufu ya ile ya vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature. Walichunguza joto, hewa ukaa, mvua na udongo, na mwisho mkosaji akabaki mmoja, ozoni, ambayo ilikuwa nyingi zaidi mashambani.

Inakuwaje? Gesi ya nitrojeni monoksidi inayotoka moja kwa moja kwenye ekzosi huila ozoni. Barabara yenye magari mengi huwa na gesi hiyo kwa wingi, basi ozoni hupungua hapo. Upepo ukishaichukua ile hewa chafu na kuipeleka mbali na magari, ozoni hujengeka upya, na hakuna tena cha kuila. Anayeendesha gari yuko mjini. Mti unaolipa uko kijijini.

Je, wajua kwamba jambo hilohilo lilitokea mwaka 2020, magari yalipopungua barabarani kwa sababu ya ugonjwa wa korona? Katika miji kadhaa ozoni ilipanda badala ya kushuka. Isije ikachukuliwa kwamba magari ni dawa. Maana yake ni kwamba kupunguza gesi moja bila kuigusa nyingine hakutoshi.

Je, wajua kwamba hifadhi ya taifa ya kwanza ya Mexico ni mhanga? Ni Desierto de los Leones, iliyoanzishwa mwaka 1917 milimani kusini-magharibi ya jiji la Mexico. Humo imo miti mirefu ya Abies religiosa, ambayo wenyeji huiita oyamel. Miaka ya 1980 mingi ilianza kukauka. Ukame na wadudu walichangia, lakini hewa ya jiji lile kubwa ilikuwa ikipanda mlimani kila mchana.

Je, wajua kwamba kuna msitu uliopuliziwa ozoni kwa miaka minane ili watu wajue ukweli? Ni msitu wa Kranzberg, karibu na Freising katika jimbo la Bavaria, Ujerumani. Majaribio mengi ya nyuma yalifanywa kwa miche ndani ya vyumba vya vioo, na wenye shaka walikuwa na haki kuuliza: je, mti mkubwa uliosimama porini nao ni hivyo? Basi wakajenga jukwaa la vyuma mpaka kwenye vilele vya miti yenye umri wa miaka 60 hivi, wakaning'iniza mirija katikati ya matawi, na kuanzia mwaka 2000 hadi 2007 wakaipa miti hiyo ozoni maradufu ya iliyokuwepo. Fagus sylvatica, mti mashuhuri wa misitu ya Ulaya, ulipoteza asilimia 44 ya ukuaji wa shina. Misprusi iliyosimama pembeni yake haikuumia kiasi hicho. Asilimia 44, na mti bado umesimama, bado una majani, bado unapendeza kwenye picha.

Je, wajua kwamba ukame unaweza kuukinga mti dhidi ya ozoni? Mti wenye kiu hufunga stomata ili kuhifadhi maji, na zikifungwa, ozoni haiingii. Kiangazi cha mwaka 2003 Ulaya ilipata joto lililovunja rekodi na ozoni ikapanda sana, lakini huko Kranzberg miti ya Fagus ilikunywa ozoni kidogo kuliko kawaida, kwa sababu ilikuwa imefunga. Kinyume chake ndicho kinachouma: mti uliomwagiliwa vizuri, wenye afya, uliofungua stomata zote, ndio unaomeza sumu nyingi zaidi.

Kuna upande wa pili. Misitu ni mojawapo ya vitu vinavyoiondoa ozoni hewani, kwa kuinyonya kupitia majani yake. Ikifunga stomata kwa ukame, ozoni hubaki hewani muda mrefu zaidi na kutuingia sisi mapafuni.

Je, wajua kwamba ozoni inaweza pia kuzifanya stomata zichelewe kufunga? Seli zile mbili za mlangoni hulegea, tundu hubaki wazi wakati lilipaswa kuzibwa, na maji hupotea. Samuel McLaughlin na wenzake walieleza mwaka 2007 jinsi misitu ya mashariki ya Tennessee ilivyotumia maji zaidi siku zenye ozoni nyingi, huku ukuaji ukipungua na maji kwenye vijito yakipungua pia. Wengi wetu tumefundishwa kwamba misitu hutunza vyanzo vya maji. Ni kweli. Ila msitu wenyewe unataka hewa safi ili uifanye kazi hiyo.

Je, wajua kwamba kuna waliotumaini kuwa hewa ukaa nyingi itaifanya miti inenepe? Hoja yao ina mantiki, kwa kuwa hewa ukaa ni chakula cha jani. Ili kuijaribu, karibu na mji wa Rhinelander katika jimbo la Wisconsin yalijengwa maduara 12 ya mabomba, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 30, na ndani yake ikapandwa mipopla aina ya Populus tremuloides, mibirchi na mimepo. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2009 maduara mengine yalipewa hewa ukaa ya ziada, mengine ozoni, mengine vyote viwili, na mengine yakaachwa hivyohivyo. Hewa ukaa peke yake iliikuza mipopla. Vilipowekwa pamoja, katika miaka ya mwanzo ozoni ilifuta karibu faida yote. Na si kila mpopla uliumia sawa. Koo nyingine zilidhoofika vibaya, nyingine zikavumilia, zikachukua nafasi na mwanga wa wenzao waliolemewa, hata hasara ya jumla ikapungua miaka ilivyokwenda. Ozoni basi inaupunguza msitu na pia inauchagulia nani abaki.

Je, wajua kwamba miti nayo huchangia kutengeneza ozoni? Mikaratusi, mialoni, mipopla, michikichi na mingine mingi hutoa gesi iitwayo isoprini, ambayo huyasaidia majani kustahimili joto na hata ozoni yenyewe. Duniani kote mimea hutoa takriban tani milioni 500 za isoprini kila mwaka. Kuna watu waliosikia hivyo wakakimbilia kuilaumu miti. Lakini isoprini bila oksidi za nitrojeni haizai ozoni. Katika hewa safi ya msitu wa mbali huipunguza. Mwaka 1988 William Chameides na wenzake waliichunguza Atlanta, jiji lenye miti mingi, wakaona kwamba kudhibiti mvuke wa petroli peke yake hakutatosha kule; lazima oksidi za nitrojeni zishughulikiwe. Mti haukufanya kosa. Umetoa gesi yake kama ulivyofanya tangu kale, sisi tukaja na ya kwetu.

Je, wajua kwamba tumbaku imewahi kuajiriwa kama chombo cha kupimia hewa? Miaka ya 1950 wakulima wa tumbaku ya sigara mashariki mwa Marekani walipata hasara ya madoa meupe kwenye majani. Mwaka 1959 Howard Heggestad na John Middleton walithibitisha kwamba ni ozoni. Aina moja iliyo dhaifu kupita zote, Bel-W3, ikaanza kupandwa katika nchi nyingi ili madoa yake yawe taarifa.

Je, wajua jinsi ya kuyatambua madoa ya ozoni kwa macho? Yatafute upande wa juu wa jani, si wa chini. Ni vidoti vidogo vya zambarau, kahawia au rangi ya mkaa, vimejaa kati ya mishipa, na mishipa yenyewe imebaki kijani. Majani makubwa ya zamani huwa navyo vingi kuliko machanga. Kisha fanya hivi: tafuta mahali ambapo jani moja limelifunika jingine. Mara nyingi ile sehemu iliyokaa kivulini haina doa, na mpaka wake umechorwa vizuri kabisa. Kuvu na wadudu hawana adabu ya kufuata kivuli namna hiyo. Hata hivyo usihukumu kwa jani moja, maana upungufu wa virutubisho nao hudanganya. Na kumbuka kwamba usanisinuru unaweza kushuka bila doa hata moja kuonekana.

Je, wajua kwamba moto wa nyika ni chanzo kikubwa cha ozoni katika nchi za joto? Paul Crutzen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995 pamoja na Mario Molina na Sherwood Rowland kwa kazi yao kuhusu ozoni, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulieleza hilo, katika makala ya mwaka 1979. Na hapa tunafika kwetu. Afrika ndiyo yenye zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka. Kusini mwa ikweta moto huwaka zaidi kati ya Juni na Oktoba, katika miombo ya Angola, Zambia, kusini mwa Kongo na Tanzania. Setilaiti zilionyesha ozoni nyingi juu ya Atlantiki ya kusini katika miezi ya moto, na mwaka 1992 wanasayansi walirusha ndege kuifuata: sehemu kubwa ilitokana na moshi wa Afrika na wa Amerika ya Kusini.

Je, wajua kwamba Nairobi hurusha puto za kupima ozoni? Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Uswisi, na takwimu zake huingia katika mtandao wa vituo vya nusudunia ya kusini ulioanza mwaka 1998. Mlima Kenya nao una kituo, kwenye mwinuko wa mita 3,678. Hivyo ni vituo vya thamani kubwa, na ni vichache mno kwa bara lenye misitu kama hii yetu.

Je, wajua kuhusu mazao yetu? Huko Bangor, Wales, Felicity Hayes na wenzake waliotesha mazao ya nchi za joto katika vibanda vya vioo vyenye ozoni. Matokeo ya mwaka 2020: ngano na jamii ya kunde, maharage yakiwemo, ziliumia. Ulezi na uwele havikutikisika.

Je, wajua kwamba misitu ya joto ilisahauliwa kwa muda mrefu katika hesabu hizi? Majaribio karibu yote niliyoyataja ni ya nchi za baridi. Mwaka 2024 Alexander Cheesman na wenzake, wa vyuo vikuu vya James Cook na Exeter, waliipima miti ya kitropiki na kukadiria kwamba ozoni inaipunguzia misitu ya ukanda wa joto asilimia 5.1 ya ukuaji wake wa mwaka, na ya Asia asilimia 10.9. Tangu mwaka 2000 misitu hiyo imeshindwa kunyonya takriban tani milioni 290 za kaboni kila mwaka. Kiasi hicho ni sawa na asilimia 17 ya kaboni ambayo misitu ya tropiki huiondoa hewani katika karne hii. Tunapanda miti kwa kampeni, kwa nyimbo na kwa bajeti za serikali, na ni vema tupande. Lakini hesabu za kaboni tunazouziana zinadhani kwamba mti ukishapandwa utakula ushibe.

Je, wajua kwamba ozoni yenyewe hupasha dunia joto? Ni ya tatu kwa nguvu miongoni mwa gesi joto zinazoongezwa na binadamu, nyuma ya hewa ukaa na methane. Kwa hiyo hudhuru mara mbili: hupasha joto yenyewe, kisha huuzuia mti usiiondoe hewa ukaa. Na methane, inayotoka kwenye majalala, mashamba ya mpunga, mifugo na visima vya gesi, nayo ni malighafi ya ozoni, kwa hiyo kila tani ya methane inayozuiwa ni nafuu kwa majani.

Je, wajua kwamba ozoni husafiri? Huko juu kidogo ya ardhi inaweza kudumu wiki kadhaa, muda unaotosha kuvuka bahari. Ozoni iliyotokana na moshi wa Asia hufika pwani ya magharibi ya Marekani.

Je, wajua kwamba uharibifu huu unarudi nyuma ukiamua kuuzuia? Los Angeles ya miaka ya 1970 ilikuwa na siku ambazo ozoni ilipita sehemu 400 kwa bilioni. Siku hizi vilele vyake havifikii nusu ya hapo, ingawa magari na watu wameongezeka. Kilichosaidia ni sheria kali, na kifaa kilichoanza kufungwa kwenye magari mapya ya Marekani ya mwaka 1975, kinachovunjavunja oksidi za nitrojeni na haidrokaboni kabla hazijatoka kwenye ekzosi. Kizazi cha kwanza kilishughulika zaidi na haidrokaboni. Cha baadaye kikamudu vyote.

Wajua kifaa hicho mafundi wetu wanakiitaje? Masega. Ndicho kile kinachokatwa gereji na kuuzwa kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo, mwenye gari akiambiwa kwamba gari sasa litakuwa jepesi. Ndugu msomaji, ukiambiwa hivyo, kataa. Na kama shamba lako unalisafisha kwa moto kila Agosti, au takataka za nyumbani unazichoma jioni nyuma ya nyumba, tafuta njia nyingine mwaka huu. Shimo la mboji halitoi oksidi za nitrojeni kama moto.